Kinachoziba Nyuma Yake

Dundee, Aprili. Mvua inakwaruza dirisha la maabara
kama paka aliyefungiwa nje.
Mzee Geddes ameniletea maua kwenye kopo la biskuti,
kayang'oa ukingoni mwa reli, na udongo wake,
njano ya siagi iliyosahauliwa mezani.
Kwa Kiswahili yanaitwaje? Huniuliza kila mwaka.
Kila mwaka humjibu: bado.

Ua moja, aina mbili.
Pasua la kwanza kwa wembe, kutoka kooni hadi kitakoni:
shingo ndefu, stigma inachungulia nje, mviringo,
kichwa cha pini ambayo fundi kaisahau kwenye pindo.
Vifuko vya chavua vimejificha chini, kizani.
Pasua la pili: mambo yamegeuka.
Vifuko viko mlangoni, vimetawanyika
mfano wa ncha za nyuzi zinazobaki
nguo ikishakatwa mtandeni.

Mama yake Geddes alifuma magunia ya juti mjini humu
mpaka mitambo ikamla masikio.
Nyumbani walisemezana kwa midomo, bila sauti.
Neno la hizo ncha za nyuzi alilipata kwake.
Kwetu, namwambia, ni matamvua.
Akachukua penseli, akaliandika kwenye kibandiko cha kioo,
herufi moja moja, kama anayepanda vitunguu.

Sasa hadubini, mara mia nne.
Chavua ya matamvua ni nene, ya pini ni ndogo:
mtama na ulezi kwenye ungo mmoja.
Punje ikiangukia stigma ya kwao, haioti;
au inaota, inatoa kidole, inakwama.
Hakuna ugomvi. Ua linamjua ndugu
na linamnyima mlango.
Lazima apite nyuki yule wa manyoya, mzito, mlevi wa baridi,
aipeleke punje kwa asiyefanana naye.

Nimelainisha shingo kwa magadi makali,
nikaitia rangi ya buluu, nikaibana chini ya kioo.
Zima taa. Washa ile ya zambarau.

Ndipo unapouona mrija.
Umetoka kwenye punje, unateremka ndani ya shingo,
na ndani yake chembe mbili za kiume zisizo na mkia,
zisizojua kuogelea,
abiria waliolala.
Kila unapofika mbali kidogo, unaziba nyuma yake.
Kizibo. Unasonga. Kizibo.
Ulikopita kunabaki bomba tupu;
kilicho hai chote kiko mbele.
Na ni vizibo vinavyowaka,
taa za barabara ambayo hakuna atakayeirudia.

Nilihesabu kumi na nne.

Sisemi kwamba mrija ni mimi.
Mrija haupigiwi simu na shangazi Mwantumu usiku wa Ijumaa
kuulizwa utarudi lini, na kule wanakula nini.

Bibi yangu alikata mkonge Korogwe, miaka thelathini.
Mkonge huchanua mara moja: hutoa mlingoti,
hujimaliza, hufa.
Mbegu ni nadra. Hudondosha watoto wenye majani tayari,
kila mmoja sura ya mama, mwiba wa mama.
Utotoni niliwaokota kwa kikapu.
Nikadhani kuzaa ndiko huko: kujirudia.

Ijumaa Geddes anastaafu. Kopo la biskuti ananiachia.
Ameinua miwani hadi kwenye paji, ameinamia hadubini,
na amekaa muda mrefu kuliko inavyohitajika.
Midomo yake inacheza, bila sauti, kama kwao.
Namsoma. Anahesabu vizibo.
Anafika kumi na tano.

Namwomba anipishe.
Nainama tena.